Njia Mbili Zenye Mzizi Mmoja

Mfumo wa tahadhari kwa umma huanzia kwa anayeiona hatari na kuishia kwa anayepaswa kuikimbia. Katikati hupitia mikono mingi: kipimo kilichoko mtoni au baharini, ofisi inayosoma vipimo, kiongozi mwenye mamlaka ya kuamuru, mitambo inayosambaza ujumbe. Sambamba nao upo mfumo wa pili ambao wananchi hawauoni, yaani mawasiliano ya ndani ya polisi, zimamoto, waokoaji na wahudumu wa magari ya wagonjwa. Serikali nyingi huipangia mifumo hii bajeti mbali mbali na kuiweka chini ya wizara mbali mbali, kana kwamba haijuani. Maafa ya miaka ya karibuni yanaonyesha kwamba mara nyingi hukatika pamoja, na chanzo huwa kimoja: waya mmoja, jengo moja, umeme mmoja, au mtu mmoja tu aliyekuwa na neno la siri.

Kiungo kinacholegea kuliko vyote ni kile cha mwisho, kati ya ofisi na mtu. Tetemeko la pwani ya Sumatra la tarehe 26 Desemba 2004 lilinaswa na kituo cha tahadhari za tsunami cha Bahari ya Pasifiki, huko Hawaii, na taarifa ya kwanza ilitoka baada ya dakika 15 hivi. Sayansi ilifanya kazi yake. Lakini Bahari ya Hindi haikuwa na mtandao wa tahadhari, na kituo hakikuwa na watu wa kuwapigia katika nchi zilizokuwa mbele ya mawimbi. Mawimbi yalichukua muda wa saa saba na zaidi kuvuka hadi pwani ya Afrika, muda ambao mtu angeweza kupanda mlimani kwa miguu na kupika chakula akiwa huko. Somalia, ambako hakukuwa na serikali imara ya kupokea wala kupeleka habari, walikufa karibu watu 300, wengi wao katika rasi ya Hafun. Kenya mawimbi yalifika yakiwa yamepungua nguvu, lakini jambo jingine pia lilisaidia: picha za Asia zilikuwa zimeshaanza kuonekana kwenye televisheni, mamlaka zikafunga fukwe, polisi wakawatoa watu majini. Akafa mtu mmoja. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, wakiwemo waogeleaji wa Dar es Salaam.

Tangu hapo Bahari ya Hindi imepata mfumo wake chini ya tume ya bahari ya UNESCO. Australia, India na Indonesia ndizo zinazotoa taarifa za mawimbi kwa nchi nyingine tangu 2011, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania pamoja na idara ya hali ya hewa ya Kenya huzipokea. Kutoka ofisi hizo hadi kwa mvuvi aliyeko Kilwa au Lamu, bado kuna safari.

Njia za safari hiyo si nyingi. King'ora humwamsha aliyelala na humfikia asiye na simu, lakini hakisemi kitu. Mlio ni mmoja kwa hatari zote, na maana yake lazima watu wawe wamefundishwa mapema. Redio husema, tena kwa lugha ya mahali, na mtambo mmoja wa kurushia matangazo wenye jenereta huweza kuhudumia mkoa mzima. Ila usiku wa manane redio nyingi zimezimwa na watangazaji wamekwenda kulala. Vipaza sauti vya misikiti na magari ya matangazo hufika mahali ambapo mitambo haifiki, lakini kwa mtaa mmoja mmoja. Kwa hiyo macho ya wapangaji yameelekea kwenye simu ya mkononi, na hapo ndipo tofauti moja ya kiufundi inapoamua mengi.

Ujumbe mfupi wa kawaida hutumwa namba kwa namba. Mtandao humtafuta kila mwenye simu, humweka kwenye foleni na kusubiri simu yake iitike. Mji ukiwa na watu laki tano, foleni hiyo huwa ndefu, na ni foleni ileile wanayoigombania watu wanaowapigia ndugu zao kuuliza kama wako salama. Ujumbe unaweza kufika baada ya saa mbili, wakati maji yameshapita. Njia ya pili ni mnara wenyewe kutangaza. Mnara hurusha ujumbe mara moja, na kila simu iliyo chini yake huunasa kama redio inavyonasa kituo. Haijalishi mwenye simu ni mwenyeji au mgeni, ana salio au hana, amejiandikisha au la. Mnara haujui umewafikia akina nani, na hauhitaji kujua, jambo linalopunguza pia hofu ya watu kufuatiliwa. Mitandao ikilemewa na simu zinazopigwa, tangazo la mnara bado hupita, kwa sababu linatumia mkondo wake. Uholanzi na Marekani zilianza kuitumia njia hii mwaka 2012. Uingereza iliijaribu kwa nchi nzima tarehe 23 Aprili 2023.

Ujerumani iliichelewesha, na gharama yake inajulikana. Baada ya Vita Baridi ving'ora vingi viling'olewa, na nafasi yake ikachukuliwa na programu za simu ambazo mwananchi lazima azipakue mwenyewe. Tarehe 10 Septemba 2020 kulifanyika siku ya majaribio kitaifa. Ujumbe ulichelewa kwa karibu nusu saa kwa sababu ofisi nyingi zilibonyeza kwa pamoja na mtambo ukalemewa. Miezi kumi baadaye, usiku wa tarehe 14 Julai 2021, mto Ahr ulifurika. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 180 katika mafuriko ya siku hizo. Watabiri walikuwa wametoa onyo siku kadhaa kabla. Utangazaji wa minara ulianza kutumika rasmi nchini humo Februari 2023.

Hata hivyo mnara hutangaza ukiwa hai tu. Lahaina, katika kisiwa cha Maui jimboni Hawaii, moto uliosukumwa na upepo mkali tarehe 8 Agosti 2023 uliua watu 102. Umeme ulikuwa umekatika, minara ya simu ikazimika, na ujumbe uliotumwa haukuwa na pa kutokea. Ving'ora vilikuwepo, takriban 80 kisiwani kote, na hujaribiwa kila mwezi. Havikupigwa. Mkuu wa idara ya maafa ya Maui alieleza baadaye kwamba wakazi wanakijua king'ora kama ishara ya tsunami, na wangekimbilia upande wa mlima, yaani upande wa moto. Alijiuzulu siku iliyofuata baada ya kusema hayo. Hoja yake si ya kudharauliwa kabisa: mitambo ilikuwa inajaribiwa kila mwezi, lakini hakuna aliyejaribu kama watu wanaielewa. Kisichoelezeka ni kukosekana kwa njia ya tatu siku ambayo ya kwanza ilikufa na ya pili ikaogopwa.

Kinyume cha ukimya ni tahadhari isiyo na hatari nyuma yake, na mfano wake mashuhuri unatoka katika jimbo hilohilo la Hawaii. Asubuhi ya tarehe 13 Januari 2018, zamu mbili za ofisi ya dharura zikiwa zinapokezana, msimamizi wa zamu ya usiku alipiga simu akijifanya anatoka kamandi ya jeshi, ili kuwajaribu wa zamu mpya bila kuwaarifu. Maneno aliyoyacheza yalianza na kumalizika kwa kutaja kwamba ni zoezi. Katikati yalikuwa na sentensi isemayo kwamba si zoezi. Mfanyakazi mmoja akasikia ile ya katikati. Akachagua kwenye orodha tangazo la kweli badala ya la mazoezi, kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, akajibu ndiyo. Saa 2:07 asubuhi simu za jimbo zima zililia zikitangaza kombora linakuja.

Kilichofuata ndicho chenye fundisho kubwa zaidi kuliko kosa lenyewe. Gavana aliambiwa ukweli ndani ya dakika mbili. Ofisi iliandika kwenye Twitter saa 2:20. Gavana naye aliandika saa 2:24, na baadaye akakiri kwamba alichelewa kwa kuwa hakukumbuka jinsi ya kuingia kwenye akaunti yake. Marekebisho kwenye simu zilezile zilizolia yalifika saa 2:45, dakika 38 baada ya tangazo, kwa sababu hakukuwa na ujumbe wa kufuta uliokuwa umeandaliwa, na ofisi ilitaka kwanza kupata uhakika kutoka serikali kuu kama inaruhusiwa kuutuma. Mtambo uliruhusu mtu mmoja kutisha watu zaidi ya milioni, lakini haukumpa yeyote njia ya haraka ya kuwatuliza. Baada ya hapo ofisi iliweka sharti la watu wawili kuidhinisha kila tangazo na ikaandaa ujumbe wa kufuta. Marekebisho yote mawili yalikuwa ya utaratibu. Hayakuhitaji mnara wala setilaiti mpya.

Mfumo wa pili, ule wa waokoaji wenyewe, hutegemea redio ya upepo. Redio hii ina sifa ambayo simu haina: mmoja akibonyeza na kusema, kikosi kizima husikia kwa wakati mmoja, na anayetaka msaada hahitaji kutafuta namba. Ndani ya majengo marefu na ya zege mawimbi yake hudhoofika, hivyo huwekwa mtambo wa kupokea na kurusha upya. Mnara wa kaskazini wa World Trade Center mjini New York ulikuwa chini ya utaratibu huo siku ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001. Mtambo ulikuwa ukiwashwa kwa vitufe viwili. Kimoja kilibonyezwa, cha pili hakikubonyezwa. Wakuu wa zimamoto walipojaribu simu ya mezani ya mtambo huo hawakusikia kitu, wakahitimisha kwamba umeharibika na kuuacha. Mnara wa kusini ulianguka saa 3:59 asubuhi. Amri ya kuwatoa askari katika mnara wa kaskazini ilitolewa mara moja, lakini wengine hawakuisikia, na polisi waliokuwa kwenye helikopta wakiuona mnara uliobaki ukikaribia kuanguka walikuwa kwenye masafa mengine kabisa. Mnara wa kaskazini ulianguka saa 4:28. Siku hiyo walikufa askari 343 wa zimamoto.

Tume iliyochunguza mashambulizi hayo ilitaka vikosi vya usalama vipewe masafa zaidi na uwezo wa kusikilizana. Ulaya ilikuwa imeshachukua njia ya TETRA, redio za kidijitali zenye uwezo wa kuunganisha vikosi tofauti na kuficha mazungumzo. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2012, iliunda FirstNet, mtandao wa simu wa vikosi vya dharura wenye masafa yake na haki ya kupita mbele ya wateja wa kawaida. Mkataba wa kuujenga ulipewa kampuni ya AT&T mwaka 2017. Uamuzi huo una mantiki ya kibiashara, kwa kuwa minara na mikongo ilikuwepo tayari. Una pia tatizo, nalo lilijitokeza mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Saa 12:30 asubuhi ya Krismasi ya mwaka 2020, gari lenye bomu lililipuka mbele ya jengo la mitambo la AT&T katikati ya Nashville, Tennessee. Watu karibu wote walikuwa wameshaondolewa, na jengo halikuanguka. Umeme ulikatika, jenereta zikashindwa, betri zikashika kazi. Kwa saa kadhaa ilionekana kana kwamba mawasiliano yamenusurika. Kisha maji ya kuzimia moto na mabomba yaliyopasuka yakajaa chini, na kufikia adhuhuri betri zilikuwa zimekwisha. Hapo vituo vya namba ya dharura ya 911 katika Tennessee, Kentucky na Alabama vilianza kunyamaza kimoja baada ya kingine, ndege zikasimamishwa kwa muda uwanja wa Nashville, na FirstNet ikatetereka pamoja na simu za kawaida. Mafundi walitoboa matundu kwenye kuta ili kupitisha nyaya za jenereta kutoka nje, huku pampu zikitoa maji yaliyofika kimo cha mapaja.

Mtandao wa vikosi vya dharura, simu za majumbani, simu za mkononi na namba ya kuomba msaada vilikuwa na majina manne na ankara nne. Vyote vilipita chini ya dari moja. Hili ndilo jambo ambalo wapangaji huliona kwa shida, kwa sababu michoro ya mawasiliano huonyesha huduma, haionyeshi majengo. Kituo cha dharura kinachonunua laini mbili kutoka kampuni mbili hujiona kimejikinga, bila kuuliza kama kampuni ya pili imekodi nyuzi ndani ya mkongo wa ile ya kwanza.

Afrika Mashariki ililiona jambo hilo kwa upande wa bahari. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kwa wakati mmoja upande wa kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi za jirani. Mikongo miwili ilihesabiwa kuwa ni akiba ya mmoja kwa mwingine, lakini ilikuwa ikipita bahari ileile. Ofisi zilizohamishia orodha zao za simu, ramani na programu za kupokea wito wa dharura kwenye kompyuta zilizoko nje ya nchi zinaweza kugundua kwamba tatizo la baharini linaweza kumzuia mpokea simu asione ramani ya mtaa ulio nyuma ya ofisi yake.

Wakati mwingine kinachokatika ni fedha. Kituo cha kuangalia volkano mjini Goma, chini ya mlima Nyiragongo, kilikaa miezi bila intaneti baada ya ufadhili wa Benki ya Dunia kumalizika mwaka 2020, hivyo vipimo vilivyoko mlimani havikusomeka kwa ukamilifu. Huduma ilirudi muda mfupi tu kabla ya mlima kulipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, bila onyo lolote rasmi. Watu zaidi ya 30 walikufa. Siku tano baadaye, kwa kuhofia mlipuko wa pili, gavana wa kijeshi aliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe, kupitia redio na televisheni, na watu laki kadhaa wakashika njia ya Sake na ya Rwanda. Kiungo cha mwisho, kile kilichoshindwa Ujerumani, kilifanya kazi Goma. Kilichokosekana ni cha kwanza, na bei yake ilikuwa kifurushi cha intaneti.

Nyuma ya yote hayo kuna umeme. Kimbunga Katrina cha Agosti 2005 kilizima zaidi ya minara 1,000 ya simu na vituo 38 vya 911. Mdhibiti wa mawasiliano wa Marekani alijaribu mwaka 2007 kuzilazimisha kampuni ziweke akiba ya umeme ya saa nane kwenye minara; kampuni zikapinga, na kanuni ikafa kabla ya kuanza. California, baada ya miaka ya moto wa nyika, ilitoka na sharti la saa 72 kwa maeneo yenye hatari kubwa mwaka 2020. Kati ya saa nane na 72 kuna tofauti ya aina ya vifaa: betri peke yake hutosha kwa usiku mmoja, lakini siku tatu zinahitaji jenereta, mafuta, barabara inayopitika ya kuyaleta, na mtu anayejua kuiwasha. Kenya ilipozimika karibu nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikuwa na jenereta, na moja yake haikuwaka.

Akiba ya kweli, basi, ni ile inayoweza kukosa vyote ambavyo njia kuu inavitegemea. Redio za upepo zilizowekwa kwenye hali ya moja kwa moja husemezana bila mnara wowote, kwa umbali wa kilomita chache. Ni mdogo, lakini unatosha kwa kikosi kilichoko kwenye mtaa mmoja. Redio za masafa ya juu, ambazo mawimbi yake hugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini, huvuka mamia ya kilomita kwa antena ya waya uliofungwa kati ya miti miwili na betri ya gari. Sauti yake hukwaruza, na ubora hubadilika kati ya mchana na usiku, hivyo inahitaji mtu aliyezoea. Wapenda redio waliosajiliwa wana ujuzi huo bure, na nchi kadhaa huwaingiza rasmi katika mipango yao ya maafa. Setilaiti haitegemei mkongo wa nchi, ila inahitaji anga wazi, umeme wake, na malipo ya mwezi yasiyosahaulika na mhasibu.

Usambazaji kwa umma nao una akiba ya namna hiyo. Kuna muundo mmoja wa kuandikia tahadhari, uitwao CAP, uliokubaliwa na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa mwaka 2007. Ofisi huandika mara moja hatari ni ipi, eneo ni lipi, hadi lini, na watu wafanye nini; kisha minara, redio, televisheni na mbao za barabarani huusoma ujumbe uleule kila moja kwa namna yake. Faida yake kubwa ni kwamba njia moja ikifa, nyingine hazingoji mtu aandike upya. Hasara yake ni kwamba kosa nalo husambaa kila mahali kwa kasi hiyohiyo, kama Hawaii ilivyoonyesha, ndiyo maana saini ya pili na ujumbe wa kufuta ni sehemu ya mtambo sawa na antena.

Majaribio hufichua haya yote, ikiwa ni majaribio ya kweli. Uholanzi hupiga ving'ora kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi saa sita mchana, na wakazi wameuzoea mlio. Ni zoezi zuri kwa masikio, lakini halipimi jenereta wala neno la siri. Zoezi linalopima hayo huanza kwa mtu kwenda kwenye swichi kuu ya kituo na kuizima, bila kuwaarifu mafundi siku, kisha kuandika kila kinachonyamaza na dakika kilichonyamaza. Baada ya hapo huchomolewa laini ya kampuni ya kwanza, kisha ya pili, na kuangaliwa nani bado anaweza kuifikia zimamoto, kwa kifaa gani. Orodha za simu huombwa zikiwa kwenye karatasi. Anayeruhusiwa kutoa tangazo huhesabiwa kuwa hayupo, na msaidizi wake hutakiwa kuingia kwenye mtambo kwa jina lake mwenyewe. Siku ya pili, umeme ukiwa bado umezimwa, huangaliwa redio za mkononi zinachajiwa wapi.